Bendi moja kwenye jeli haijakuambia kitu

SWALI: Shikamoo Daktari. Niko shahada ya uzamili. Nimetengeneza protini ya binadamu SRSF1, inayosaidia kukata introni kwenye RNA, ndani ya bakteria E. coli; ina mkia wa histidini wa kuinasia kwenye kolamu ya kusafishia. Kwenye jeli natoa bendi moja tu, safi kabisa. Lakini nikiitia kwenye S100 ya seli za HeLa (kioevu cha seli za binadamu kisicho na protini za aina hii) pamoja na RNA ya beta-globini, introni, yaani kipande cha RNA kinachopaswa kuondolewa, haikatwi. Nimepandisha kutoka mikrolita 2 hadi 5, kisha 10 kati ya 25, na mambo yamezidi kuharibika. Wenzangu wanasema protini ya bakteria ni mfu, ninunue ya seli za wadudu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Kwanza rudisha pochi mfukoni.

"Bendi moja, safi kabisa." Sentensi hii naletewa na wanafunzi kila mara, na kila mara naumwa kichwa. Jeli yako umeipaka rangi ya Coomassie. Coomassie inaona protini, RNA haiioni. Sasa fikiria: SRSF1 kazi yake ni kushika RNA. Ndani ya bakteria hakuna beta-globini ya kushika, kwa hiyo inashika RNA ya bakteria na kutoka nayo hadi mwisho wa kolamu. Unapoitia kwenye S100, mikono yake imeshajaa. Pima mwanga kwenye nanomita 260 na 280. Protini safi hutoa uwiano wa karibu 0.6, RNA tupu hutoa 2. Ukiona 1.2 hapo, bendi yako nzuri imebeba abiria. Kolamu ioshwe kwa NaCl ya mola 1 kabla ya kuitoa protini, abiria wengi watashuka.

Halafu hiyo mikrolita 10. Bafa uliyohifadhia protini ina chumvi kiasi gani? Natabiri milimola 500, maana ndivyo wengi wanavyofanya, na wana sababu: mkia wa SRSF1 umejaa serini na arginini, na chumvi ikipungua molekuli zinashikana na kichupa kinageuka maziwa. Lakini mikrolita 10 ndani ya 25 zimeleta milimola 200 za NaCl kwenye mchanganyiko unaopenda KCl ya 60 hivi. Ulidhani unaongeza protini, kumbe unamwaga chumvi. Ikoleze protini ili mikrolita 1 itoshe, punguza KCl unayoweka mwenyewe, na usikimbilie kuiondoa chumvi yote kwenye akiba yako. Arginini na glutamati, milimola 50 kila moja, husaidia isigande. Na siku zote weka kichupa kimoja chenye bafa tupu bila protini. Swali lako halikukitaja, na kichupa hicho kingekujibu kabla hujaniandikia.

La tatu ndilo baya kuliko yote: RNase, kimeng'enya kinachokata RNA. Kiasi kinachotosha kutafuna RNA yako yote hakionekani kwenye jeli hata uikodolee macho. Mimi mwenyewe nilipoteza miezi miwili kwa sababu mtu alitia RNase A kwenye chupa ya pamoja ya bafa ya kupasulia bakteria, "ili isiwe nzito." Tulichemsha vifaa, tukabadilisha pipeti, tukagombana. RNase A inavumilia kuchemshwa. Changanya protini yako na RNA peke yake, bila S100, nyuzi 30 kwa nusu saa, kisha angalia kama RNA bado nzima. Ikiwa imetafunwa, mwaga. Usijaribu kuiokoa.

Kuhusu "protini mfu ya bakteria": E. coli kweli haina SRPK1, kinasi (kimeng'enya) ya kuupachika fosfati mkia ule wa serini na arginini. Lakini S100 imetoka kwenye seli za binadamu, ina kinasi zake, na ukiwa na ATP ya kutosha (ndiyo inayotoa fosfati) mkia utapata fosfati humo humo. Maabara ya Adrian Krainer kule Cold Spring Harbor ilionyesha tangu 1991 kwamba SRSF1 ya bakteria, enzi hizo ikiitwa SF2, inafanya kazi kwenye S100. Anayekuambia seli za wadudu ndiyo dawa hajakuuliza hata umri wa ATP yako.

Na hata ukinunua, soma karatasi kabla ya bei. Protini nyingi za binadamu zinazouzwa ni kipande tu, zimebandikwa protini nyingine iitwayo GST, na zimekusudiwa kupimia kingamwili. "Usafi zaidi ya 90%" na picha ya jeli yenye bendi moja, basi. Neno "hai" limeandikwa wapi? Limepimwa kwa RNA ipi, na nani? Nimeona watu wakiandika tasnifu nzima kwamba protini fulani haihusiki na eksoni fulani (kipande cha RNA kinachobakishwa), ilhali walichotia kwenye kichupa ni nusu ya protini, isiyo na mkia wa serini na arginini. Muuzaji hakudanganya. Urefu wa kipande ulikuwa umeandikwa mstari wa tatu.

Anza na uwiano wa 260/280 leo hii, ni dakika mbili tu.