Boriti, mivinje na ukumbi wa mtaa: majibu kwa wasomaji

SWALI: Ndugu Mwandishi, assalam aleikum. Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama hapa Malindi. Tumepata kiwanja na tunataka kujenga ukumbi mmoja wa kazi nyingi: asubuhi chekechea, alasiri mikutano na mafunzo ya ushonaji, mwisho wa juma harusi na maulidi. Mwanangu alinionyesha kwenye simu jengo la mbao la ghorofa 20 huko Uswidi, nami nikalipeleka wazo hilo kwenye kamati. Wazee wakanicheka, wakasema mbao ni chakula cha mchwa na kuni za moto, na kwamba jengo la heshima ni la saruji. Je, nishikilie wazo langu au niliache?

JIBU: Wa aleikum salaam, Bi. Katibu. Wazee hawakukosea kuogopa mchwa na moto. Walipokosea ni kudhani kwamba hayo hayana dawa. Jengo uliloonyeshwa bila shaka ni Sara Kulturhus la mjini Skellefteå, lililofunguliwa mwaka 2021, ambalo ndani yake mna kumbi za maigizo, maktaba ya mji, makumbusho na hoteli, yaani lile lile wazo lenu la nyumba moja ya kazi nyingi. Nguzo na mihimili yake ni mbao nyembamba zilizopangwa na kushikanishwa kwa gundi, ufundi ambao Mjerumani Otto Hetzer aliupatia hataza mwaka 1906. Sehemu nyingine ni vipande vipana ambavyo tabaka zake hupishana, moja kwa urefu na moja kwa upana, ili ubao usipinde wala kutanuka ovyo. Na palipohitajika upana mkubwa bila nguzo, wajenzi hawakuona haya kuchanganya mbao na chuma.

Sikushauri kuagiza mbao hizo. Ni za miti laini ya nchi za baridi, na kuwaletea mchwa wa Malindi ni sawa na kumkabidhi fisi bucha. Kinachofaa kuchukuliwa ni akili yao, kwamba miti midogo ikiunganishwa vizuri hubeba mzigo wa mti mkubwa. Sisi hatukuzoea hivyo. Vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu na vyembamba, upana wa mita 2 na nusu hadi 3 hivi, kwa sababu boriti ya mkoko iliyobeba dari la mawe na chokaa haivuki mbali zaidi ya hapo. Boriti ndiyo iliyompimia mtu chumba chake. Ukumbi wa harusi wenye upana wa mita 9 hauwezi kuezekwa kwa mtindo huo. Unahitaji kenchi, yaani miti iliyofungwa pembetatu, na mtambaapanya, yaani mti wa kulala, chini yake ukizizuia kuta zisisukumwe nje. Mti wa kazi hiyo mnao karibu: mvinje, unaopandwa mashambani Kilifi kwa ajili ya kuuza nguzo, na ambao hukua upesi hata kwenye mchanga. Mvinje ukipasuliwa mbao hupinda na kufanya nyufa, kwa hiyo utumieni mviringo ulivyo, ukiwa mkavu, na ufungwe kwa bolti za chuma kisichoshika kutu, kwa maana misumari ya kawaida huliwa na chumvi ya bahari kabla mti wenyewe haujachoka. Vipimo apige hesabu mhandisi. Hapa si pa kukadiria kwa jicho.

Sasa mchwa. Niliwahi kukagua nyumba ya kale mtaa wa Mkomani, Lamu, nikaichoma boriti kwa bisibisi katikati ya chumba, nayo ikagoma kama chuma. Nikasogea hadi ncha yake iliyoingia ukutani, chini ya mfereji wa paa uliokuwa ukivuja, bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini na unga ukanimwagikia mkononi kama mkate wa mofa uliokauka. Boriti ni ile ile moja. Ubao unaokaa na unyevu chini ya asilimia 20 hauozi kwa kuvu, na mchwa wa ardhini naye hupenda penye unyevu na giza. Kwa hiyo nguzo zisizikwe kamwe: zisimamishwe juu ya vikingi vya mawe au zege vinavyofika magotini, na kati ya zege na mti pawekwe kisahani cha bati, ili mchwa akipanda njia yake ionekane. Upenu utokeze mita moja au zaidi, na ncha za miti ziachiwe hewa.

Moto nao una hesabu yake. Ubao mnene wa mti laini huungua kwa takribani milimita 0.65 kwa dakika, yaani kama sentimita 2 kwa nusu saa, na kaa linalojitokeza juu hulikinga jiti la ndani, ilhali chuma kitupu kikifika nyuzijoto 550 hivi hupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Adui wenu halisi ni makuti, kwa hiyo ukumbi wa chekechea usiezekwe kwa makuti, hata kama wageni wa harusi watayapenda. Milango iwe miwili, yote ifunguke kwa nje.

Wazee hawakuitaja kelele, nami naihofia kuliko moto. Mbao ni nyepesi na hupitisha mlio: matari ya maulidi juu ya vichwa vya mkutano wa wazazi hayatavumilika. Mkitaka ghorofa, sakafu yake imiminiwe tabaka nene la chokaa kama walivyofanya wa kale. Ushauri wangu ni mjenge chini tu, na mgawanye ukumbi kwa milango ya kukunja.

SWALI: Mimi ni mkazi wa Langoni, Lamu. Kwa nini kumbi mpya zisijengwe kwa boriti zetu za mikoko, nazo ndizo mila?

JIBU: Ni mila, na Mji Mkongwe wa Lamu uliingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001 pamoja na boriti zake. Ndiyo maana naona nyumba ya kale inayokarabatiwa ina haki ya kwanza. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, lakini majahazi yalizipeleka boriti Arabuni na Ghuba kwa muda mrefu, hata serikali ikapiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Kuzikata kunahitaji kibali cha Huduma ya Misitu. Na usidhani kwamba fito na pau, yaani miti myembamba ya mikoko, hazina hasara: ni mikoko ambayo ingekuwa boriti kama ingeachwa.

SWALI: Je, mbao kweli huchafua hewa kidogo kuliko saruji?

JIBU: Karibu nusu ya uzito wa ubao mkavu ni kaboni, kwa hiyo mita moja ya ujazo yenye kilo 500 imefungia kama kilo 900 za hewa ya ukaa. Saruji ni kinyume chake: chokaa yake inapochomwa tanuri hutoa hewa hiyo kutoka ndani ya jiwe lenyewe, hata kama kuni zisingetumika. Lakini mti ukikatwa pasipandwe mwingine, au jengo likioza baada ya miaka 10, hesabu hiyo yote huvunjika.

SWALI: Fundi wangu anataka kupaka nguzo za darasa oili chafu ya gari ili kuzuia mchwa. Nimruhusu?

JIBU: La. Watoto watazishika nguzo hizo kisha watie vidole kinywani. Mwambie atumie dawa ya chumvi za boroni kwa miti ya ndani isiyopigwa na mvua, kwa kuwa mvua huiosha. Miti iliyoko nje ikinge na mchwa kwa kisahani cha bati kati ya zege na mti, na uikague kila baada ya masika.