Windows Haijafutika, Usimpe Fundi Afomati

Wiki iliyopita dada mmoja anayesoma chuo Morogoro aliniandikia WhatsApp usiku, watu wengine wameshalala. "Kaka samahani kwa usumbufu. Nimewasha mashine imeingia Ubuntu moja kwa moja, Windows siioni kabisa. Fundi wa hapa kaangalia, anasema imefutika, nimwachie na elfu thelathini apige upya. Ripoti yangu ya utafiti yote iko humo."

Nilimjibu kwa herufi kubwa: USIMPE. Hata salamu sikuitikia, na mimi ni mtu wa salamu.

Usiku uleule Windows ilirudi. Hakutoa shilingi, hakubeba mashine kwenda popote, na ripoti yake aliikuta palepale alipoiacha. Sisemi hivi kujisifu. Haya, najisifu kidogo, lakini nina sababu, na nitaieleza.

Kwanza tuelewane jambo moja. Kompyuta yenye mifumo endeshi miwili, Windows na Ubuntu (aina moja ya Linux) kwa mfano, ukiiwasha kuna programu ndogo inayotangulia na kukuuliza unataka kuingia wapi. Kwa upande wa Linux programu hiyo inaitwa GRUB. Ile menyu ya maandishi meupe kwenye skrini nyeusi ndiyo kazi yake. Sasa jina la mpangaji likifutwa kwenye kibao cha getini, je, mpangaji kahama? Windows ikikosekana kwenye menyu, mara nyingi kilichokosekana ni jina tu. Windows yenyewe imekaa kwenye diski na mafaili yako yote, inasubiri uiite.

Huyu dada alikuwa na Ubuntu 20.04. Muda wake wa kawaida wa kupata apdeti uliisha Mei 2025, naye akafanya jambo la busara, akaipandisha kwenda 22.04. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Ubuntu 22.04 inakuja na GRUB 2.06, toleo lililotoka mwaka 2021, na kuanzia toleo hilo waundaji wa GRUB waliamua kuizima os-prober. Hiyo os-prober ni kiprogramu kinachopita kwenye patisheni zote, yaani vyumba vilivyogawanywa ndani ya diski, kutafuta mifumo mingine. Waliizima kwa sababu za usalama, kwa kuwa inafungua kila patisheni inayokutana nayo ikiwa na mamlaka kamili ya mashine. Sababu yao naielewa. Ila mwanafunzi wa Morogoro hakuwahi kuambiwa.

Na Ubuntu ina tabia nyingine inayotisha watu bure: ikiona mfumo ni mmoja tu, inaficha menyu kabisa. Kwa hiyo huoni menyu yenye jina lililopungua. Huoni menyu yoyote. Unawasha, unajikuta ndani ya Ubuntu, na fundi asiyejua GRUB anakwambia kwa uso mkavu kwamba Windows imefutika.

Nilimwambia abonyeze Ctrl, Alt na T kwa pamoja ili terminali ifunguke, lile dirisha la kuandikia amri, kisha aandike:

lsblk -f

Akanitumia picha ya skrini aliyoipiga kwa simu, imepinda, pembeni kidole gumba. Lakini nilichokitaka nilikiona. Patisheni moja ndogo imeandikwa vfat, na nyingine kubwa imeandikwa ntfs. Hiyo ntfs ndiyo Windows. Nikamuuliza, kama imefutika, hiyo inafanya nini hapo? Akatuma kile kiemoji cha kulia. (Kwenye mashine iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, utaona neno BitLocker badala ya ntfs. Usishtuke, ni Windows ileile, imefungwa kufuli tu.)

Halafu hii (neno sudo linaomba mamlaka kamili ya mashine, ndiyo maana linadai paswedi):

sudo ls /boot/efi/EFI

Hapa ndipo alipokwama. "Kaka, kibodi imekufa, naandika paswedi haionekani." Haionekani makusudi, dada yangu. Terminali haionyeshi hata nyota. Andika kama kipofu, bonyeza Enter. Akaandika, yakatokea mafolda: BOOT, Microsoft, ubuntu. Folda la Microsoft likiwepo hapo, kwa kawaida kiwashio cha Windows nacho kipo, na kazi inakuwa nyepesi. Tukafungua faili la mipangilio:

sudo nano /etc/default/grub

Akashuka mpaka chini kabisa, akaongeza mstari huu, bila nafasi pembeni ya alama ya sawasawa:

GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false

Usichanganywe na neno la mwisho. Unakataa kuzimwa, maana yake unawasha. Palepale juu nikamwambia abadilishe mistari miwili iwe GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu na GRUB_TIMEOUT=10, ili menyu isijifiche tena na impe sekunde kumi za kuchagua. Ctrl na O, Enter, kuhifadhi; Ctrl na X, kutoka. Kisha:

sudo update-grub

Mistari ikaanza kushuka, na katikati yake ukaja ule ninaoupenda kuliko yote: Found Windows Boot Manager on /dev/sda1. Kwenye mashine yako jina la diski linaweza kuwa tofauti, nvme0n1p1 kwa mfano, ila neno Found ndilo unalolitafuta. Usipoliona, hakikisha kiprogramu chenyewe kipo kwa kuandika sudo apt install os-prober, kisha rudia update-grub.

Akazima, akawasha. Kimya kirefu. Halafu ikaja sauti ya WhatsApp, anacheka huku mwenzake wa chumbani anamwambia apunguze kelele.

Sasa sababu ya mimi kuandika kwa herufi kubwa.

Miaka kadhaa nyuma mashine yangu ilikuwa na mifumo miwili kama ya kwake. Linux nilijifunzia kuprogramu, kwa sababu nilitaka, na bado nataka, zile kazi za nje zinazolipwa kwa dola, kama wewe unayesoma hapa. Windows nilihariria video za harusi. Ndizo zilizokuwa zikinilipia kodi na bando. Asubuhi moja Windows haikuonekana kwenye menyu, na kesho yake nilitakiwa nikabidhi harusi ya watu wa Mbagala. Nikapanda daladala hadi Kariakoo, kwa fundi niliyeelekezwa na watu ninaowaamini.

Nilimwambia mapema na kwa mdomo wangu: D ina video za watu, usiguse D. Akasema, "Usijali bro, nagusa C tu." Jioni akanikabidhi mashine inang'aa. Windows mpya, Office ya kuchakachua, na folda zima la muvi za Kikorea kama zawadi. D ilikuwa nyeupe. Linux nayo ilikuwa imekwenda. Nilipomuuliza akasema ni virusi.

Pesa ya harusi niliirudisha kwa awamu. Mama wa bibi harusi hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alichotaka ni kipande kimoja tu, pale babu yao anapotoa nasaha, akasema hivyo vingine hata visipopatikana si neno. Sikuwa nacho. Mpaka leo nikiwa na safari ya Mbagala kuna mtaa naukwepa.

Ndiyo maana nasema, na nitarudia mpaka mnichoke: Windows isipoonekana, usifomati. Usikubali mtu afomati. Usimwache mtu na mashine yako halafu ukaenda kula chipsi. Mafundi waaminifu wapo wengi, nawajua, baadhi ni rafiki zangu. Lakini kupiga Windows upya ni kazi ya saa moja yenye bei inayoeleweka, na kuhariri mstari mmoja kwenye faili ni kazi ya dakika tano ambayo mteja atasema mbona hujafanya kitu. Ukimlipa mtu kwa kufuta, atafuta. Na sisi wenyewe tumewafundisha hivyo, kwa kubana senti kwenye ujuzi na kulipa kwa furaha kwenye nguvu.

Na wewe unayetaka kuwa mtu wa teknolojia, unaweka kwenye wasifu wako kwamba unajua Linux, halafu menyu ikipotea unambebea fundi mashine mgongoni? Hapana. Kompyuta uliyoinunua kwa jasho lako uijue inavyowaka.

Turudi kwenye kazi, maana kuna wenye shida ya upande wa pili. Hawa Windows ipo, Ubuntu ndiyo haionekani, na mara nyingi inatokea baada ya apdeti kubwa ya Windows. Hapa usiguse hata terminali kwanza. Zima mashine, iwashe huku unabonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia: kwenye HP ni Esc kisha F9, kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12. Ukiona jina ubuntu kwenye hiyo orodha, lichague. Ikiwaka, kilichovurugika ni foleni tu, Windows imejiweka mbele. Ukiwa ndani ya Ubuntu andika efibootmgr, utaona kila mfumo na namba yake pamoja na mstari wa BootOrder. Kama ubuntu ni 0001 na Windows ni 0000, unapanga hivi:

sudo efibootmgr -o 0001,0000

Mashine nyingine zina kiburi, zinarudisha Windows mbele kila mara. Hizo ingia kwenye mipangilio ya BIOS, ile programu ya mashine yenyewe inayowaka kabla ya mfumo wowote, ubadilishe foleni kwa mkono.

Kama jina ubuntu halipo kabisa, washa kwa flashi ya Ubuntu, chagua kuijaribu bila kuisimika, unganisha intaneti, weka programu ya Boot-Repair na uiache ifanye ukarabati wake unaopendekezwa. Inasimika GRUB upya bila kugusa mafaili yako.

Kuna kundi ambalo mstari wangu wa os-prober hautalisaidia: waliosimika Windows kwa UEFI, njia mpya ya kuwasha mashine, na Linux kwa mfumo wa zamani wa BIOS. Hao GRUB yao haiwezi kuiwasha Windows hata ikiiona. Utajijua kwa kuandika ls /sys/firmware/efi. Ukiambiwa folda halipo wakati Windows yako ni ya UEFI, umeingia huko. Kwa muda tumia kitufe cha F9 au F12 kuchagua, halafu tafuta siku yenye nafasi usimike Linux upya kwa njia ya UEFI. Linux, siyo Windows. Na bado hufomati diski nzima.

Mwaka 2024 mwezi Agosti kuna apdeti ya Windows iliyowapiga wengi. Mtu anachagua Ubuntu anakutana na maandishi kuhusu SBAT, orodha ya ulinzi inayokataa viwashio vya zamani, kisha mashine inazima. Simu yangu haikupumzika. Hapa unaingia BIOS, unazima Secure Boot, ulinzi unaokagua programu za kuwashia, unawaka ndani ya Ubuntu, unaandika sudo mokutil --set-sbat-policy delete, unawasha upya na kuingia tena Ubuntu, ndipo unairudisha Secure Boot. Lakini kabla hujagusa Secure Boot kwenye mashine yenye Windows 11, tafuta kwanza ufunguo wa BitLocker. Ni tarakimu 48, na kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uandike kwenye daftari, siyo kwenye mashine hiyohiyo. Windows ikihisi mipangilio imeguswa inaweza kuudai, na usipokuwa nao hakuna wa kukufungulia, hata mimi.

Najua yupo atakayesoma haya akiwa ameshachelewa, fundi kashafomati. Kwako wewe: zima mashine sasa hivi. Usiingie mtandaoni, usiweke Office, usikopi hata wimbo, kwa sababu kila kitu kipya kinaweza kukaa juu ya kile unachokitafuta. Toa hiyo diski, iunganishe kwenye kompyuta nyingine, au washa kwa flashi ya Linux, kisha tumia TestDisk kutafuta patisheni iliyopotea. Ikishindikana tumia PhotoRec, ambayo inachimba picha, video na nyaraka moja moja. Zote mbili ni za bure. Majina ya mafaili PhotoRec haiyarudishi, utakaa na maelfu ya mafaili yenye namba ukiyafungua moja baada ya jingine. Vinavyopatikana vihifadhi kwenye diski tofauti. Njia hii ina nafasi nzuri kwenye diski za zamani zinazozunguka. Kwenye SSD, diski mpya zisizozunguka, nafasi ni ndogo, kwa kuwa nyingi zinasafisha zenyewe sehemu zilizofutwa muda mfupi baada ya kufomati, kwa hiyo muulize kwanza aliyekuuzia mashine ni diski ya aina gani kabla hujamlipa mtu anayekuahidi kurudisha kila kitu.