Kwa Zaituni: mshahara na ubao

Zaituni mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mama yako asikie. Unauliza kama uache uhasibu huko Mbarara ucheze sataranji tu, uwe mchezaji wa kimataifa kama Phiona Mutesi. Mama yako alicheka. Mimi sikucheka, maana ndiye niliyekutia mchezo huu kichwani, pale kibarazani Kibuli, kwa vifuniko vya soda.

Phiona wa Katwe, mtaa wa mabanda hapa Kampala, alifuata kikombe cha uji kwa mwalimu Robert Katende, akakuta na ubao. Mwaka 2010 alikuwa Khanty-Mansiysk, Urusi, kwenye Olimpiadi ya Sataranji. Mwaka 2012, Istanbul, yeye na Ivy Amoko wakarudi na cheo cha WCM (Woman Candidate Master) cha FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, wanawake wa kwanza wa Uganda kupata cheo. Nilifurahi kama nimezaa mapacha.

Lakini wasimuliaji wengi huishia hapo. Cheo hicho ndicho cha chini katika ngazi 4 za wanawake. Cha juu, WGM (Woman Grandmaster), kinataka alama 2300 za FIDE, zile za kupima uwezo wa mchezaji, tena ufanye vizuri kwenye mashindano makali, kwa kawaida michezo 27 kwa jumla, ukikutana na wenye vyeo kutoka nchi mbalimbali. Hao hawaji Kampala kila mwezi. Utawafuata wewe: nauli ya ndege, viza, chumba. Na Olimpiadi yenyewe haitoi zawadi ya fedha! Pensheni yangu unaijua.

Tazama hao mabinti walifanyaje. Phiona alikwenda chuo kikuu, Northwest University huko Marekani. Amoko akasomea sheria. Hakuna aliyeukalia ubao peke yake.

Kwa hiyo kazi usiache. Omba likizo yako iangukie wakati wa mashindano, cheza hapa nyumbani mpaka alama zipande, na kila mwezi weka kando kitu kwa ajili ya nauli. Timu ya taifa ikikuita, hapo tutazungumza upya, na mama yako nitamkabili mimi.

Halafu kwenye mchezo wetu umenyamaza siku tatu. Nimesogeza ngome kwenda mraba wa e1, na farasi wako yuko hatarini. Zamu ni yako.

Baba