Sikio la mtoto linalorudi kuuma kila akipata mafua

Pole dada uliyeuliza kuhusu sikio la mwanao. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu kuugua sikio kila akipata mafua si uzembe wako. Mrija unaotoka sikio la kati kwenda nyuma ya pua kwa watoto ni mfupi na umelala, ukiziba kidogo tu majimaji yanakwama na vijidudu vinazaliana. Wengi hupona moja kwa moja wakikua.

Chupa asinyonye akiwa amelala chali, asivutiwe sigara karibu, na chanjo ya nimokoko (bakteria wanaoleta nimonia na maambukizi ya sikio) ikamilike. Mafuta ya uvuguvugu ya kutia sikioni achana nayo, hasa sikio likitoa usaha. Usaha ukitoka, sokota kitambaa safi kiwe kama utambi, weka mlangoni mwa sikio, kikilowa badilisha. Vile vijiti vya pamba, hapana kabisa.

Ikifika mara 3 ndani ya miezi 6, omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, na usikivu upimwe, maana majimaji yaliyobaki yanaweza kumchelewesha kuongea. Akivimba nyuma ya sikio au shingo ikikakamaa, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.