Jibu kwa mwalimu wa Tororo: apt ikigoma, ikague hoja yake kabla ya kulazimisha

Kwa wanaoingia sasa: mwalimu ana maabara ya shule yenye kompyuta za Debian 12, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Amepakua faili la .deb (kifurushi cha kusakinisha) la programu ya uhasibu lililotengenezwa kwa ajili ya Ubuntu 24.04, mfumo ndugu wa Debian, na apt, programu inayosakinisha vifurushi, imeligomea: libssl3t64 haipatikani, na libc6 iliyopo ni ya zamani mno (zote mbili ni maktaba, yaani msimbo ambao programu nyingine hutegemea). Mmoja wetu amemshauri atumie dpkg --force-depends, yaani asakinishe kwa nguvu hata kama vinavyohitajika havipo, mwingine amemwambia afute mashine zote aanze upya. Mwalimu, shikamoo. Nakuomba usifanye lolote kati ya hayo mawili kabla hujamaliza kusoma.

Mimi nahudumia seva za sacco huku Jinja, na suala hili nalishughulikia mara kwa mara. Mashine inapokukatalia hivyo, inakupa hoja, na hoja ina misingi inayokaguliwa mmoja mmoja.

Iko hivi. Kila toleo la kila kifurushi lichukulie kuwa sentensi moja, ama kweli ama si kweli: "hiki kimesakinishwa." Utegemezi ni sharti: A ikiwa kweli, basi B au C lazima iwe kweli. Mgongano nao ni sharti: A na D haziwezi kuwa kweli pamoja. Ombi lako linaongeza sentensi moja tu, kwamba A ni kweli. Je, kuna namna ya kugawa kweli na si kweli bila kuvunja sharti hata moja? Wataalamu wa mantiki huliita tatizo hili SAT. Stephen Cook alionyesha mwaka 1971 jinsi lilivyo gumu, na mwaka 2006 watafiti wa mradi wa EDOS wa Ulaya wakathibitisha kwamba kujua kama kifurushi kinasakinishika ni kugumu kiasi hichohicho. Debian 12 ina vifurushi zaidi ya 64,000, kwa hiyo kujaribu kila mchanganyiko haiwezekani. Kinachotuokoa ni kwamba visuluhishi vya SAT, yaani programu zinazotatua tatizo hili, hujifunza: vikikwama, vinatafuta chanzo cha kukwama, vinakiandika kuwa sharti jipya, na kosa hilo halirudiwi. openSUSE, mfumo mwingine wa Linux, waliingiza njia hii kwenye zypper, kisakinishi chao, mwaka 2008, na dnf ya Fedora inatumia libsolv, maktaba iliyotokana na kazi hiyo. Spack, kisakinishi kinachotumika kwenye kompyuta kubwa za utafiti, inaandika masharti yake kwa lugha ya mantiki na kuyakabidhi kwa kisuluhishi kiitwacho clingo.

apt ya Debian 12 bado inategemea njia za mkato za zamani, hivyo kwenye mafundo makubwa inaweza kusema haiwezekani kumbe njia ipo. Kisuluhishi kipya kimekuja na apt 3.0, ndani ya Debian 13 ya mwaka 2025. Lakini fundo lako ni dogo, tunaweza kulikagua kwa macho. Andika:

apt-cache policy libc6 libssl3t64

Utaona libc6 ni 2.36. Faili lako linadai 2.38 au zaidi. Na libssl3t64 haina toleo lolote, kwa sababu kwenye Debian 12 maktaba hiyo inaitwa libssl3. Hiyo t64 ilitokana na kazi ya kuhamishia saa za mifumo ya biti 32 kwenye biti 64 kabla ya mwaka 2038. Basi masharti yanayogongana ni haya: unataka faili hili, faili linataka libc6 ya 2.38, na hazina yako, yaani ghala la vifurushi ambalo apt huchota, inaishia 2.36. Lazima moja liondoke. Hakuna la nne la kutafuta.

Kulazimisha hakuondoi hata moja. dpkg itakubali, halafu programu ikifunguliwa itakufa ikisema GLIBC_2.38 (ileile libc6 ya 2.38) haikuonekana. Baya zaidi linafuata: tangu hapo apt itakataa kusakinisha kitu chochote mpaka uirekebishe. Niliitwa kwenye ofisi moja ambako fundi aliyetangulia alifanya hivyo. Tulipoandika apt --fix-broken install, chini ya "The following packages will be REMOVED" ilikuwepo programu ileile ya mikopo waliyokuwa wakiihitaji asubuhi hiyo. Mstari huo usomeni siku zote kabla ya kubonyeza Y!

Nini ufanye? Mimi ningeacha sharti la kwanza, lile faili. Tafuta programu hiyo kwenye hazina ya Debian 12 yenyewe, kisha kwenye bookworm-backports, hazina ya matoleo mapya yaliyoandaliwa kwa ajili ya Debian 12. Ikikosekana kote, ndipo ufikirie kupandisha mashine moja ya majaribio hadi Debian 13, yenye libc6 2.41 na libssl3t64, na hata hapo uchukue toleo la Debian badala ya la Ubuntu.

Kuhusu bando, maana najua shule inalipia data kwa taabu: masharti si yote magumu. Depends lazima itimizwe. Recommends ni upendeleo tu. Ukiongeza --no-install-recommends unaondoa upendeleo huo, na mara nyingi upakuaji unapungua sana. Watafiti wa Mancoosi, mradi uliofuata EDOS, walishindanisha visuluhishi kwa vigezo vya namna hii: kimoja kinataka mabadiliko machache kabisa, kingine kinataka matoleo mapya kabisa. Kwa maabara ya shule mimi nachagua mabadiliko machache, bila kusita. Na weka apt-cacher-ng kwenye mashine moja ili kila kifurushi kishuke kutoka intaneti mara moja, zilizobaki zichukue hapo.

Anza na apt -s install ukitaja jina la kifurushi. Hiyo inaigiza tu, haigusi kitu. Bandika hapa yote itakayotoa, pamoja na yaliyomo kwenye sources.list (orodha ya hazina zako), tuyaangalie pamoja.