GIMP 3.0 imeficha programu-jalizi zangu za zamani

Ndugu, umeuliza kwa nini programu-jalizi zako (programu ndogo za kuongeza uwezo) za GIMP 2.10, programu ya kuhariri picha, hazionekani katika 3.0. Hazijafutwa. Toleo hilo la Machi 2025 lilibadilisha namna zinavyowasiliana na GIMP, na zile zilizoandikwa kwa Python 2, toleo la zamani la lugha ya programu ya Python, hazifanyi kazi kabisa. Kunakili folda ya zamani ni kujichosha bure. Pakua toleo lililoandikwa kwa ajili ya 3.0. Ukilipata, kila faili la Python likae ndani ya folda yake yenye jina lilelile: kivuli.py ndani ya folda kivuli. Kwenye Linux, lipe pia ruhusa ya kuendeshwa kwa amri ya chmod +x. Hapa ndipo wengi hukwama.

Faida ya 3.0 ni kubwa mno: kichujio hubaki hai juu ya tabaka (layer) la picha, ukabonyeza alama ya fx kukirekebisha au kukiondoa hata kesho. Lakini hifadhi kazi kwa XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe, maana JPEG huyeyusha kila kitu kuwa picha moja.

Programu-jalizi ikigoma bado, fungua tiketi (ripoti ya tatizo) kwenye GitLab ya GNOME, tovuti ambako hitilafu za GIMP huripotiwa, ubandike matokeo ya amri ya gimp -v, inayoonyesha toleo ulilonalo, na hatua ulizopitia. Bila hayo, wanaojitolea kusaidia hubaki wakikisia.