Maswali ya Wasomaji: Gari Linasita Kwenye Mzunguko Mmoja Tu

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Gari langu ni la petroli, silinda nne, la nozeli. Nikiendesha taratibu, mshale wa mizunguko ukifika kati ya 2,200 na 2,500 injini inasitasita, mafuta kama yanakata halafu yanarudi. Chini ya hapo inavuta vizuri, na juu ya hapo pia. Taa ya injini haiwaki. Nimebadilisha plagi, koili na filta ya mafuta, hali ni ileile. Ilianza baada ya mpira wa mafuta wa kule mbele kuchakaa ukatolewa, pakawekwa bomba la chuma moja kwa moja hadi kwenye reli ya nozeli, yaani bomba linalozigawia nozeli mafuta. Siku hiyohiyo kidude cha duara kilichokuwa juu ya reli kikivuja kilitolewa, tundu likazibwa kwa bolti. Je, vinahusiana?

JIBU: Vinahusiana sana, ndugu msomaji. Kidude hicho ni dampa ya presha. Ndani yake mna kiwambo chembamba na springi, na kazi yake ni kumeza mishtuko ya mafuta. Mpira nao ulikuwa unasaidia kazi hiyohiyo kwa kutanuka na kunywea kidogo. Vimeondolewa vyote viwili kwa pamoja, kwa hiyo njia yako ya mafuta sasa ni ngumu mwanzo hadi mwisho.

Nozeli inapofunguka, presha iliyo jirani nayo hushuka ghafla, inapofunga, hupanda. Mshtuko huo husafiri ndani ya bomba la chuma kwa kasi inayoweza kupita mita 1,000 kwa sekunde, hugonga mwisho wa njia na kurudi. Sasa piga hesabu: mizunguko 2,400 kwa dakika ni 40 kwa sekunde. Kwenye injini ya silinda nne ambayo nozeli zake hufunguka kwa zamu, kila mzunguko hufungua nozeli mbili, hivyo reli hupata mishtuko 80 kila sekunde. Mshtuko unaorudi ukikutana sawasawa na mshtuko mpya, vinaongezana, kama bembea inayosukumwa kila inapofika kwa msukumaji. Ndiyo maana tatizo lina mzunguko wake maalumu: ukiwa chini au juu ya hapo, mishtuko haikutani kwa wakati.

Kompyuta ya gari haioni lolote kati ya hayo. Inapanga muda wa kufungua nozeli ikiamini presha haijabadilika. Tuseme presha ya kawaida ni baa 3 (baa ni kipimo cha presha), na wakati nozeli ya silinda ya kwanza inafunguka imeshuka hadi 2.4. Mafuta yanayopita hufuata kipeuo cha pili cha presha, kwa hiyo upungufu wa asilimia 20 wa presha unapunguza mafuta kwa takriban asilimia 11. Silinda hiyo inakosa mafuta, na huenda jirani yake wakati huohuo inazidishiwa. Sensa ya oksijeni inapima moshi wa silinda zote ukiwa umechanganyika, inaona wastani mzuri, na taa haiwaki. Tunalisisitiza hili kwa sababu watu wengi hufunga mjadala wakishaona mashine ya kupimia haionyeshi kosa lolote.

Kabla ya kununua kitu, thibitisha. Endesha gari kwa gia ya tatu hadi lisite, usome mizunguko na kasi. Rudia kwa gia ya nne. Likisita kwenye mizunguko ileile, kisa kiko kwenye injini. Likisita kwenye kasi ileile ya kilomita, angalia magurudumu, shafti na sapoti zake. Halafu tazama mguu wako. Plagi au koili mbovu huumia zaidi unapokanyaga mafuta kwa nguvu ukipanda mlima. Mawimbi ya mafuta huonekana zaidi ukiwa na mguu mwepesi na mzunguko umetulia, kwa kuwa yanahitaji muda kidogo kukua. Ukipita hapo haraka unaweza usihisi kitu.

Pima na presha. Gari lenye bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi mara nyingi huwa na baa 2.5 hadi 3 likiwa sailensa (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta), na ukichomoa mpira wa upepo kwenye regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta), geji inapaswa kupanda kwa karibu nusu baa. Gari lisilo na bomba la kurudi huwa na baa 3.5 hadi 4. Takwimu za mtengenezaji wa gari lako ndizo za mwisho. Usitegemee geji ya mshale ikuonyeshe mawimbi yenyewe: mpira wake mrefu unayazima kabla hayajafika kwenye mshale. Ukiona mshale unatetemeka kwa kasi kwenye mzunguko mbaya tu, ni dalili nzuri. Ukitulia, haikuthibitishii kwamba mawimbi hayapo.

Kazi yenyewe sasa. Injini iwe ya baridi, kizima moto kiwe karibu, pasiwe na cheche wala sigara. Chomoa fyuzi au rilei ya pampu ya mafuta, washa injini iungurume hadi izime yenyewe, kisha piga starta sekunde chache tena ili kumaliza presha. Fungua waya hasi wa betri. Funika kiungo kwa kitambaa unapokilegeza, maana mafuta kidogo hubaki.

Rudisha kwanza mpira. Kata kipande cha bomba la chuma na uweke mpira wa sentimita 30 hadi 40, mahali ambapo hautagusa ekzosi, feni wala mkanda. Soma maandishi yaliyo juu ya mpira kabla hujalipa. Wa magari ya nozeli huandikwa J30R9 na umepangiwa presha ya hadi karibu baa 7. Ule wa J30R7 ni wa kabureta, kikomo chake ni karibu baa 3.5, na kwenye njia hii unaweza kupasuka juu ya injini ya moto. Mwisho wa bomba la chuma lazima uwe na kifundo cha kuushika mpira. Bomba lililokatwa likaachwa laini hata klipu ikazwe vipi mpira utateleza. Ingiza mpira sentimita 2.5 hadi 3, na utumie klipu za nozeli zenye ukanda laini. Klipu za kawaida zenye matundu hukata raba zinapokazwa.

Washa ujaribu. Kusita kukihama kutoka 2,400 kwenda mzunguko mwingine, au kukipungua, umepata uthibitisho kamili: umebadilisha urefu na ulaini wa njia, na tatizo limekufuata. Kusipobadilika hata kidogo, simama hapo, usinunue dampa bado. Rudi kwenye nozeli chafu na upepo unaovuja kwenye manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda).

Kisha funga dampa mpya inayolingana na reli yako. Pete mbili za kuzibia (washa za kuponda), moja kila upande wa kiungo, ziwe mpya. Za zamani zimeshalala na hazizibi tena. Kama dampa yako ni ya oringi (pete ya raba), ipake pete hiyo mafuta safi kidogo ya injini isichanike ikiingia. Silikoni ya kuzibia haifai hapa, petroli huilainisha na vipande vyake huishia kwenye nozeli. Kaza kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Rudisha fyuzi na betri, geuza ufunguo hadi pampu ilie sekunde mbili tatu, zima, rudia mara tatu bila kuwasha injini, huku ukipitisha kitambaa kikavu chini ya kila kiungo. Kikitoka kikavu, washa. Kagua tena injini ikishapata joto.

SWALI: Langu halisiti, ila likiwa sailensa nasikia sauti ya kugonga-gonga chini ya sakafu upande wa dereva. Fundi anasema ni pampu.

JIBU: Pampu mbovu kwa kawaida huvuma mfululizo, na sauti hutoka kwenye tangi. Kugonga kwa taratibu kunakoongezeka kasi pamoja na injini mara nyingi ni mishtuko ileile ya nozeli, imesafiri kwenye bomba hadi mahali linapogusa bodi. Gari likiwa limefungwa handibreki na kuzuiwa matairi, mwenzako ashike bomba la mafuta kwa mkono pale linapofikika, mbali na ekzosi. Sauti ikipungua, fuatilia vishikio vyake kimoja kimoja. Utakuta raba ya kishikio imeoza au bomba limelalia bodi. Weka vishikio vyenye raba na uache nafasi ya kama sentimita moja. Usilikunje bomba kwa koleo ili lipishe.

Angalia na dampa. Kama ina mpira mwembamba wa upepo, uchomoe na unuse. Ukikuta petroli ndani, kiwambo kimetoboka na injini inanyonya mafuta ghafi kupitia hapo: moshi mweusi, ulaji mkubwa, na hatari ya moto. Gari hilo lisitembee mpaka dampa ibadilishwe.

SWALI: Nina kusita kama huko, nikashauriwa niweke regyuleta ya kurekebisha nipandishe presha. Itasaidia?

JIBU: Hapana. Utaongeza mafuta kwenye mizunguko yote huku wimbi likibaki palepale. Itaonekana kupoa kwa siku chache, halafu kompyuta itapunguza mafuta kufidia, na silinda iliyokuwa inakosa itakosa tena. Vilevile, kama uliweka nozeli kubwa kuliko za awali, jua kwamba kila mfunguko sasa unatoa mshtuko mkubwa zaidi, na dampa ya zamani inaweza isiumudu. Kwenye magari ya zamani ambayo nozeli zote hufunguka kwa pamoja, hali huwa mbaya zaidi.

SWALI: Injini yangu inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Naweza kuweka mpira huo?

JIBU: Kati ya tangi na pampu ya presha kubwa, ndiyo, kwa kipimo cha mtengenezaji. Kutoka pampu hiyo hadi kwenye nozeli, kamwe. Presha ya huko ni makumi ya baa hadi 200 na zaidi, na mafuta yakichomoza kwenye ufa mdogo hupenya ngozi. Hapo hutumika bomba la chuma la kiwandani tu, na watengenezaji wengi hutaka liwe jipya kila linapofunguliwa.